MGB ya 1977: nibadilishe bampa na kulishusha gari, au niliache lilivyo?

Swali
Habari zenu, ndugu. Ninaishi Coventry, Uingereza, na mwaka jana nilinunua MGB ya wazi ya mwaka 1977, gari dogo la michezo la Kiingereza, yenye zile bampa kubwa nyeusi za mpira. Gari linatembea vizuri, ila sura yake hainiridhishi: natamani bampa nyembamba za kromu kama za magari yaliyotangulia, nilishushe kidogo, kisha nilifungie gia boksi ya gia tano. Mzee mmoja jirani yangu ananionya kwamba nitaliharibia asili yake. Nianzie wapi, na je, hoja ya mzee ina uzito?

Jibu la kwanza
Mzee angekuwa na hoja kama gari lingekuwa adimu, lakini kati ya 1962 na 1980 zilitengenezwa MGB zaidi ya nusu milioni, ukihesabu na zile za GT zenye paa. Isitoshe, bampa za mpira ziliwekwa mwishoni mwa 1974 ili gari liendelee kuuzika Marekani, ambako sheria zilidai bampa za kuhimili kugongwa na zenye kimo maalumu kutoka ardhini. Ndiyo sababu gari zima likainuliwa. Ukilishusha, unalirudisha lilikotoka. Usidhani tu kwamba ni kazi ya kufungua nati na kukaza nyingine: taa ndogo za mbele kwako zimo ndani ya bampa, ilhali kwenye magari ya kromu zimo kwenye madigadi, kwa hiyo itabidi madigadi yabadilishwe au yachomelewe vipande. Springi nazo usizikate. Tafuta boriti ya mbele ya gari la kromu, yaani chuma cha mlalo kinachoshika springi na magurudumu ya mbele; hiyo ndiyo itakayolishusha mbele.

Jibu la pili
Naafiki yote, isipokuwa gia. Ukiona kitufe juu ya kirungu cha gia, gari lako lina ovadraivu, yaani gia ya ziada inayopunguza mizunguko ya injini ukienda kasi, na sioni haja ya kulipia gia ya tano. Mimi nilifunga boksi ya gia tano ya Ford Sierra. Ni imara, lakini nafuu niliyoipata barabara kuu haikulingana na fedha zilizonitoka. Kabla ya yote, kagua mabati ya chini ya milango. Gari lisilo na paa hubebwa na mabati hayo, na fundi akiyakata bila kwanza kuchomelea nondo ya kushikanisha nguzo mbili za mlango, bodi hulegea katikati na mlango haufungi tena. Viringisha sumaku kwenye kitambaa laini, uipitishe polepole. Isiposhika, hapo pana puti, na huenda imefunika kutu.

Mwuliza swali
Ahsanteni sana. Kitufe kipo. Sumaku nimeipitisha jioni hii: upande wa kulia imeshika mwanzo hadi mwisho, ila wa kushoto imeanguka mara mbili karibu na gurudumu la nyuma, mahali penye upana wa shubiri moja hivi. Bampa zitasubiri. Mzee ametoka na tochi yake kuja kutazama, naye ndiye aliyenielekeza kwa mchomeleaji.