Nafasi Tupu Katika Boksi la Fyuzi

Zawadi: Shikamoo Mjomba, na habari za jioni kwenu nyote. Leo nilifungua boksi la fyuzi lililo chini ya dashibodi, nikitafuta fyuzi ya soketi ya kuchajia simu, nikakuta nafasi saba ziko tupu. Gari hili, kama mnavyojua, nililinunua likiwa limetumika. Je, yawezekana mwenye gari wa kwanza alizing'oa kabla ya kuniuzia?

Baraka: Dada, usijisumbue. Nunua pakiti moja ya fyuzi, ujaze nafasi zote saba, kisha tuone ni kitu gani kitaanza kufanya kazi.

Mjomba Salim: Marahaba, Zawadi. Baraka, mwache dada yako apumue kwanza. Boksi la namna moja hutumika katika magari ya daraja mbalimbali: lipo lenye viti vinavyopashwa joto, lipo lenye taa za ukungu, lipo lenye dirisha la paani, na lipo ambalo halina hata kimoja kati ya hivyo. Kiwanda huona nafuu kutengeneza plastiki ya umbo moja kwa yote, kisha kila gari likapewa nyaya za vifaa vyake tu. Kwa hiyo nafasi nyingi tupu hazikuwahi kuwa na fyuzi tangu gari lilipoundwa.

Zawadi: Nitazitofautishaje na zile zilizong'olewa?

Mjomba Salim: Zima gari, utoe ufunguo, kisha umulike kila nafasi kwa tochi. Ukiona plastiki peke yake, hapo hakuna waya, na ukijaza fyuzi utakuwa umepamba tu. Ukiona vyuma viwili vilivyo tayari kubana, tazama ramani iliyo nyuma ya kifuniko au katika kitabu cha gari, ujue nafasi hiyo imeandikiwa nini. Uangalie pia namna unavyokishika kifuniko, kwa maana ukikigeuza ramani nzima inageuka; mimi mwenyewe niliwahi kutoa fyuzi ya honi nikidhani ni ya redio.

Shangazi Rehema: Ninalikumbuka jambo hilo vizuri sana, kwa kuwa nilikuwa ndani ya gari hilo.

Zawadi: Nimemaliza kuangalia. Nne hazina chuma kabisa. Mbili zina vyuma, lakini kwenye ramani zimewekewa kistari tu. Ya saba imeandikwa 15, pamoja na picha ya waipa ya nyuma, na waipa hiyo haijawahi kufanya kazi tangu ninunue gari! Nilidhani mota yake imekufa.

Baraka: Basi angalau moja iliibiwa.

Mjomba Salim: Au iliondolewa kwa makusudi. Weka ya ampea 15, ambayo kwa kawaida huwa ya buluu na namba yake iko juu kichwani, kisha ujaribu. Zile mbili za kistari usizichokonoe kwa bisibisi, kwani nafasi kama hizo huweza kuwa na umeme wa betri upande mmoja hata gari likiwa limezimwa. Na ya 15 ikiungua, Baraka asije akakushauri uweke ya kijani ya 30: kiwango cha fyuzi hufuata uwezo wa waya, na fyuzi ikivumilia kuliko waya, kitakachoungua ni waya wenyewe.

Baraka: Nimenyamaza, Mjomba.

Zawadi: Nimeweka ya 15. Waipa ilipanda hadi katikati ya kioo, ikasimama. Nimeichomoa fyuzi na kuitazama kwenye mwanga: kile kichuma chembamba cha ndani kimekatika, na plastiki imeingia weusi.

Mjomba Salim: Basi nadhani mwenye gari wa kwanza alichoka kununua fyuzi. Nyaya za waipa hiyo hupita karibu na bawaba za mlango wa buti, zikikunjwa kila mlango unapofunguliwa, hadi ganda lipasuke na shaba iguse bodi. Iache nafasi hiyo tupu kwa sasa, halafu uuvute mpira ulio karibu na bawaba uone.

Zawadi: Upo waya mmoja ambao ganda lake limechanika na shaba inaonekana. Nimeupiga picha ili nimwonyeshe fundi umeme kesho asubuhi.

Shangazi Rehema: Na ile soketi ya kuchajia simu?

Zawadi: Fyuzi yake ilikuwa nzima, Shangazi. Kilichoharibika ni waya wangu wa chaji.