Mjadala: Nyumba za mteremko wa Kadutu zibomolewe?

Mleta mada, Bukavu: Jumamosi tuliangalia filamu mbili za makao, tukatoka tunagombana. Moja, The Pruitt-Igoe Myth (2011), ni ya St. Louis, Marekani: majengo 33 ya ghorofa ya watu wa kipato kidogo, yakaanza kubomolewa 1972. Ya pili, Dear Mandela (2012), inafuata vijana wa vibanda vya Durban, Afrika Kusini, walioishtaki serikali ya jimbo. Naleta ugomvi hapa: hizi nyumba za mbao zilizopandana Kadutu, hapa Bukavu, mpaka juu ya mifereji, zibomolewe? Mimi nasema ndiyo. Mvua kubwa ikinyesha usiku, asubuhi tunazika. Moto ukiwaka, gari la zimamoto linaishia barabarani.

Wa Nyamugo: Ndugu, uliza kwanza nani aliuza. Mimi nina fishi ya parseli, yaani karatasi ya kiwanja, yenye muhuri. Sheria ya ardhi ya 1973 inasema udongo ni mali ya Serikali. Basi aliyepiga muhuri juu ya korongo alipiga kwa jina la nani? Watu wa Durban hawakusema vibanda ni vizuri. Walipinga kifungu cha sheria kilichowalazimisha wenye viwanja kufukuza wakaaji, na 2009 Mahakama ya Katiba ikakifuta. Hata mimi sisifu mteremko: ukuta wangu wa nyuma unashikwa na mifuko ya mchanga, na choo cha jirani wa juu kinatazamana na dirisha langu. Nipewe kiwanja kingine kwanza, tena si kule ambako pesa ya teksi itamaliza faida yote ya ndizi za mke wangu.

Mama wa Bagira: Wanangu, kwetu Wabelgiji walipanga nyumba kwa mstari. Leo karibu kila parseli ina vijumba vya kupangisha nyuma, na maji machafu yanapita mlangoni. Yale ya St. Louis yalitegemea kodi za wapangaji kwa matengenezo. Wapangaji wakapungua, lifti zikafa. Kujenga tunajua. Nani atatengeneza?

Mleta mada: Sawa, Mama, lakini mvua haingoji kiwanja.

Wa Nyamugo: Basi anzeni na zile zilizokaa ndani ya mfereji wenyewe, sitapinga. Ila hata lile ghorofa la Ibanda lililoziba mfereji huko chini lipigwe msalaba mwekundu, alama ya kubomolewa, siku hiyohiyo. Mnakubali au hamkubali?