Glaida ya dukani imeshinda za mabua: nimpe zawadi au nisimpe? (Tabora)

MwalimuFizikia_TBR

Wakuu, habari za jioni. Nipo Tabora mjini, nafundisha fizikia sekondari na mimi ndiye mlezi wa klabu ya sayansi. Jumamosi tulikuwa na mashindano ya glaida (vindege visivyo na injini) za kurusha kwa mkono, uwanja wetu wa mpira, na shule kadhaa za jirani zikaja. Sheria zilijaa karatasi moja: glaida isiwe na injini wala betri, kila mtoto arushe mara tatu akiwa nyuma ya mstari, na itakayokaa hewani muda mrefu kuliko zote ndiyo bingwa. Zawadi ni kikokotoo cha kisayansi.

Wengi walikuja na vitu vya hapa hapa. Uti wa bua la mtama, mabawa ya karatasi ya manila au ile foma nyeupe inayokuja ndani ya katoni la TV, puani wamebandika nati au udongo. Kuna binti wa kidato cha pili aliyeunda ya mabua matupu na manila, mabawa marefu na membamba, na nilivyomuuliza kwa nini hakuyafanya mapana akanijibu kwa hesabu. Nikajua huyu amekaa na kitu chake akakifikiria.

Halafu akaja kijana wa kidato cha tatu na glaida aliyoletewa na mjomba wake kutoka Dar. Foma laini ya kiwandani, ndani ya bawa kuna fimbo nyeusi ya kaboni, mkia unarekebishika. Kurusha kwake kwa kwanza hakukuwa kwa ajabu. Kwa pili chamchela ikapita katikati ya uwanja, ikaibeba, ikazunguka nayo mpaka juu ya miembe ya barabarani, na saa tukaisimamisha kwa sababu hatukuiona tena.

Walimu wa shule mbili wanasema aondolewe, hakuiunda yeye. Kijana anasema nionyesheni palipoandikwa niunde mwenyewe. Karatasi iko mbele yangu, hapakuandikwa. Kikokotoo bado kimefungiwa kabatini kwa mkuu wa shule na mwezi wa tisa tunarudia mashindano. Nifanyeje na huyu, na sheria za safari ijayo ziweje?

Kaka_wa_Ipuli

Mpe dogo kikokotoo chake, mwalimu. Sheria ya kutungwa baada ya filimbi ya mwisho hata ligi ya mchangani hatuikubali. Mjomba naye mpeni cheti.

MamaWatatu_Cheyo

Mwalimu, pole na kazi. Mwanangu alikuwa mmoja wa hao wa mabua, usiku mzima kashinda na gundi mezani kwangu, mpaka leo kitambaa hakijatoka. Sina neno na huyo kijana, alifuata alichosoma. Ila ukiacha hivi hivi, mwezi wa tisa watakaoshindana ni wajomba.

Na ukisema kila mtoto aunde mwenyewe, mtajuaje? Jirani yangu ni seremala. Mtoto wake alikuja na bawa limepigwa randa na msasa, laini kama fremu ya picha. Hilo halikutoka dukani, lakini mtoto hakuligusa.

FundiWinchi

Mwalimu, hili limewatesa watu wazima wenye glaida za kweli tangu kabla hatujazaliwa. Mimi ni mtoto wa Ng'ambo ya hapa Tabora, sasa natengeneza pampu za maji Isevya, ila niliwahi kuishi Ujerumani na wikiendi nilikuwa nasaidia kwenye klabu ya glaida. Kuendesha winchi (mashine ya kuivuta glaida kwa kamba mpaka ipande), kushika ncha ya bawa ndege inapoanza kuvutwa, kwenda na trela kuwachukua waliotua kwenye mashamba ya watu. Magomvi ya sheria nimeyasikia yote, maana rubani aliyekosa hewa ya kumpandisha akatua kwenye viazi, njia nzima ya kurudi lazima akueleze kwa nini mwenzake hakustahili.

Kijana mpe zawadi, hilo Kaka wa Ipuli kamaliza. Kizito ni unachotaka kupima. Mtengenezaji? Mrushaji? Au chombo chenyewe? Ukishajibu hilo ndipo uchukue kalamu, kwa sababu sheria inayomtendea haki mmoja inamwonea mwingine.

Angalia wenzetu. Mashindano ya kwanza ya dunia yalikuwa 1937, Wasserkuppe, Ujerumani. Mwaka 1958 kule Leszno, Poland, wakaleta daraja la Standard: mabawa yasizidi mita 15 ncha hadi ncha na flapu (vipande vya nyuma ya bawa vinavyokunjika) marufuku, ili glaida iwe rahisi na klabu ya kawaida iimudu. Wenye fedha wakabaki daraja la Open, ambalo mabawa hayana kikomo. Leo huko utakuta glaida zenye mabawa ya mita 28. Haki tupu, sivyo? Miaka ya 70 ukaachwa upenyo, flapu zikaruhusiwa kama breki za wakati wa kutua. Wafini wakaunda glaida iitwayo PIK-20. Flapu zake zilikuwa breki kweli, lakini ukizigeuza kidogo angani zinakusaidia pia kukimbia na kupanda. 1976 mashindano yakafanyika huko huko Finland, Räyskälä, na Ingo Renner wa Australia akabeba ubingwa wa Standard ndani ya PIK-20. Ukubali ukatae, alikuwa ndani ya sheria.

Hakunyang'anywa. Walichofanya ni kugawa: wenye flapu wakapata daraja lao la mita 15, Standard ikarudi kuwa bila flapu. Na 1978 Châteauroux, Ufaransa, unajua nani alichukua hilo daraja jipya? Helmut Reichmann, kwa glaida iitwayo SB-11, iliyoundwa na wanafunzi wa chuo kikuu cha Braunschweig, ya aina yake moja tu duniani. Glaida za viwandani zilikuwepo pale. Ndiyo maana huyo binti yako wa mabua simhurumii hata kidogo, mwache na hesabu zake.

Dawa nyingine waliyojaribu ni wote warushe glaida ya aina moja. Wakashindanisha michoro, ikachaguliwa PW-5 ya chuo cha ufundi cha Warsaw, ndogo, mabawa mita 13 na kitu, na 1997 Uturuki kukawa na ubingwa wake. Kwenye karatasi hakuna haki kuizidi hiyo. Tatizo marubani hawakuipenda. Mtu mwenye glaida inayoteleza kilomita 40 kwa kila kilomita moja ya kushuka, umwambie anunue inayoteleza kama 32 ili tu awe sawa na wenzake? Daraja likadhoofika mpaka likafutwa.

Kinachotumika sana kwenye vilabu ni hendikapu. Kila aina ya glaida inapewa namba kulingana na uwezo wake, kasi yako inagawanywa kwa namba hiyo kisha mara 100. Tuseme wewe una kuukuu yenye namba 100, umezunguka njia kwa kilomita 90 kwa saa: unabaki na 90. Mimi nina mpya yenye 110, nimeenda 96. Kugawa kwa 110, mara 100, napata 87 na kitu. Umenishinda ingawa nimetangulia kufika na nimeshakunywa chai. Katika Daraja la Klabu wanafanya hivyo, na kubeba maji ya uzito mabawani hairuhusiwi. (Ndiyo, madaraja mengine wanajaza maji kwenye mabawa. Glaida nzito inateleza kwa pembe ile ile ila kwa kasi zaidi. Hewa ikiwa dhaifu inapanda kwa shida, basi wanayamwaga. Kila daraja lina kikomo cha uzito, na glaida zinapimwa kwenye mizani uwanjani kabla ya kuruka.)

Lakini namba ya hendikapu imekadiriwa kwa siku ya wastani. Siku ya upepo wa mbele, au sehemu zenye hewa ya kupanda zikiwa zimeachana mbali, yule wa glaida kuukuu hapungukiwi kidogo kama namba inavyodai. Hafiki kabisa kwenye hewa inayofuata, anatua. Niliwabeba wengi wa namna hiyo. Kwa hiyo hendikapu usiilete kwenye uwanja wako. Kazi yake ni kufuta tofauti ya vyombo ili abaki rubani. Kwako chombo ndicho mtoto alichokitolea jasho, utakuwa unamtoza faini aliyeunda vizuri.

Chamchela sasa. Hiyo ndiyo ingeninyima usingizi kuliko fimbo ya kaboni. Hata bawa la mabua lingepanda kwenye ile hewa. Wenzetu wa glaida ndogo za mashindano, daraja linaloitwa F1A, kamba ya kuivutia isiyozidi mita 50 na glaida isipungue gramu 410, wanaweka kikomo cha muda. Ikishakaa hewani dakika 3 kwa kawaida saa inasimama, umepata alama zote za raundi hiyo, hata ikiendelea mpaka Sikonge. Halafu raundi ni nyingi na zinajumlishwa. Bahati moja haiwezi kukupa ubingwa. Wewe ulichukua muda mmoja mrefu kuliko yote, yaani ulipima nani kakutana na chamchela.

Kibirizi_Makasia

Nawasoma kutoka Kigoma. Fundi umeeleza vizuri ila umezunguka mbali. Huku Kibirizi vijana wakishindana makasia, mitumbwi ni ya kuazima kwa wavuvi, mmoja mpya mwepesi, mwingine umekunywa maji ya ziwa mpaka umekuwa gogo. Hatugawi kwa namba. Mnakimbia, mnabadilishana mitumbwi, mnakimbia tena, muda unajumlishwa. Watoto nao wabadilishane glaida.

FundiWinchi

Kaka, kwa makasia nakubali, mnapima mikono. Glaida ya bua umeisawazisha kwa udongo puani kufuata mkono wako mwenyewe. Mpe kijana wa kidato cha nne airushe kwa nguvu zake, bawa linabaki mkononi. Mtakuwa na kesi mpya ya fidia.

Ila umegusa jambo. Kidato cha kwanza na kidato cha nne hawarushi sawa. Kwenye mashindano makubwa kila glaida inavutwa mpaka kimo kimoja, na mstari wa kuanzia haufunguliwi mpaka wa mwisho katika daraja naye apate nafasi ya kupanda. Mwalimu, fungeni manati: nguzo mbili, tyubu ya baiskeli, alama chini ya kuvutia. Kila mtoto anavuta mpaka kwenye alama, anaachia. Kimo cha mtoto hakihesabiki tena.

MwalimuFizikia_TBR

Nashukuru sana. Leo nimekaa na mkuu wa shule, kijana anakabidhiwa kikokotoo Jumatatu mstarini. Wale walimu wawili nimewapigia, mmoja kaelewa, mwingine kasema tutaonana mwezi wa tisa.

Nilichoandika mpaka sasa: madaraja mawili. La Huria, uje na chochote kisicho na injini, cha duka, cha seremala, cha mjomba. Na la Uwanjani, ambalo ndilo lenye zawadi kubwa: hakuna kuja na glaida. Nagawa bua, manila shiti moja, nati mbili na uzi, saa moja na nusu mnaunda mbele ya watu. Mama wa Cheyo, hapo seremala atakuwa upande wa pili wa kamba. Kurusha kwa manati, raundi tano, sekunde 30 ndiyo kikomo cha kila raundi, jumla ndiyo inayohesabika.

Fundi, sekunde 30 zinatosha? Na hii si ile PW-5 yako waliyoikataa?

FundiWinchi

Si yenyewe. PW-5 iligawa chombo, wewe umegawa malighafi tu. Bawa refu au pana, mkia wapi, hapo kila mtoto na akili yake.

Sekunde 30 jaribu kwanza na glaida za klabu yako. Kama zinazofika ni nusu ya glaida, pandisha. Kama hakuna hata moja, shusha, la sivyo kikomo hakina kazi. Na anzeni mapema, saa mbili asubuhi muwe mnarusha. Mwezi wa tisa hapa ikifika saa tano chamchela zinapishana uwanjani.

Kaka_wa_Ipuli

Saa mbili muwe mnarusha wakati kuunda ni saa moja na nusu? Watoto waamke na majogoo.

MwalimuFizikia_TBR

Waunde Ijumaa jioni, glaida zilale kwenye maabara, funguo ninazo mimi.

MamaWatatu_Cheyo

Sawa kabisa. Swali langu ni gundi. Hukuiandika kwenye orodha, na ya mbao haikauki kwa saa moja na nusu, nina ushahidi mezani.

MwalimuFizikia_TBR

Supa gluu, mama. Ila chupa atashika mwalimu, mtoto anaonyesha pa kudondoshea.