Mada: Mtafiti ana maswali ishirini tu ya kumuuliza mwanakijiji. Kibali cha nini?

Mwalimu wa Siasa (mleta mada)
Wakuu, salamu. Nafundisha sayansi ya siasa, mwaka wa kumi na tatu huu. Juzi nilikuwa kanda ya ziwa na dodoso langu: mkutano mkuu wa kijiji uliitishwa lini mara ya mwisho? Mapato na matumizi yalisomwa? Uliyaelewa? Mambo ya namna hiyo. Mkutano wenyewe kisheria ni kila miezi mitatu, kwa hiyo siulizi siri ya mtu.

Barua ya chuo ninayo, ile inayonukuu waraka wa serikali wa Julai 1980 unaompa Makamu Mkuu wa Chuo mamlaka ya kutoa vibali kwa watumishi na wanafunzi wake. Unaipeleka kwa Katibu Tawala wa Mkoa, anakuandikia ya wilayani. Wilaya inaandika kwa mkurugenzi, mkurugenzi kwa mtendaji wa kata, kata kwa mtendaji wa kijiji. Siku nne. Nafika chini kabisa nina barua tano na mihuri minane. Mtendaji wa kijiji alizipokea akiwa anakula samaki, akaacha alama ya vidole kwenye ile ya juu, akasema, "Mwenyekiti hayupo, njoo Jumatatu."

Wakati nasubiri, akapita kijana anayeuza mabeseni nyumba kwa nyumba. Anauliza watu mnaishi wangapi humu, baba anafanya kazi gani, mshahara unaingia lini. Hana barua hata moja. Naomba mnisaidie: mimi ninazuiwa kwa lipi?

Kijana wa Kimara
Dokta umesahau 2018? Twaweza, lile shirika la kiraia la kura za maoni, walitoa matokeo yao, wanaokubali utendaji wa Rais Magufuli walikuwa asilimia 96 mwaka 2016, wakashuka 71, wakafika 55. Hazikupita siku nyingi COSTECH, tume ya serikali ya sayansi na teknolojia inayotoa vibali vya utafiti, wakawaandikia, mna siku saba mjieleze, kibali kiko wapi. Namba ilipokuwa 96 sikusikia mtu akiulizia kibali.

Mtendaji Mstaafu
Nimesoma mada yote nikakwama kwenye samaki. Ofisi ya mtendaji wa kijiji ina meza moja. Hapo anaandika, hapo anasuluhisha ugomvi wa mipaka, na hapo anakula. Ulitaka ale wapi, chini ya mwembe, ili uje uandike kwamba anazurura saa za kazi?

Mwalimu wa Siasa
Mzee wangu, shikamoo. Sikukusudia dharau, nilikuwa nasimulia tu hali ilivyokuwa.

Mtendaji Mstaafu
Marahaba. "Akaacha alama ya vidole." Hiyo ni hali ilivyokuwa au ni kuchekesha wenzako wa chuoni? Nimekuwa mtendaji miaka 22, vijiji vitatu. Nimepokea watafiti wa malaria, wa jinsia, wa vyama vingi, wa vyoo. Kila mmoja anaandika namba yangu ya simu na kuahidi mrejesho. Mrejesho nimeupata mmoja, wa vyandarua, na ulikuja kwa Kiingereza. Niliufungia kwenye faili la mihtasari. Waliousoma mpaka mwisho ni panya.

Chungu cha Nyanya
Samahani wakuu, samaki gani?

Binti Pangani
Mzee kagusa penyewe. Mimi nilikuwa karani wa sensa Agosti 2022, milango ilifunguka, chai nikapewa. Baadaye nikarudi mtaa uleule na dodoso la utafiti wa watu binafsi, mama aliyenipa chai akaniuliza, "Mwanangu, hii ya leo mnalipa ngapi?" Tulikuwa na elfu tano ya kumshukuru mhojiwa. Habari ikasambaa. Kuna baba nilimhoji asubuhi, jioni akarudi amevaa kofia na jina jingine.

Kijana wa Kimara
Hahaha. Ila msihamishe uzi. Kuna Sheria ya Takwimu, 2018 waliongeza kwamba ukitoa takwimu zinazopingana na za serikali unakwenda jela miaka mitatu.

Wakili wa Benchi
Mdogo wangu, umeshika nusu. Sheria ni ya 2015. Marekebisho ya 2018 ndiyo yaliyoleta kile kifungu cha takwimu zinazopotosha au kudhalilisha takwimu rasmi, Benki ya Dunia ikalalamika, na 2019 Bunge likalegeza. Usitishe watu kwa panga lililokwisha kunyang'anywa.

Kijana wa Kimara
Panga limenyang'anywa, woga umebaki. Mtendaji wa kijijini hasomi marekebisho.

Mtendaji Mstaafu
Hasomi! Tumerudi palepale. Wewe wa Kimara, mtendaji wako wa mtaa unamjua jina?

Kijana wa Kimara
Simjui. Lakini hilo linahusianaje?

Mtendaji Mstaafu
Endelea kutafakari.

Msomaji wa Voi
Majirani, hamjambo? Huku Kenya kibali unaombea mtandaoni kwa NACOSTI, tume yetu ya sayansi, unakichapisha kikiwa na rangi zote, halafu ukifika mashinani chifu bado anataka kukuona. Na matokeo ya kura za maoni, sheria ya 2012 inakataza kuyatangaza siku tano za mwisho kabla ya uchaguzi. Porojo za WhatsApp hazikukatazwa.

Chungu cha Nyanya
Mimi niulize jingine, maana la samaki halijajibiwa. Wasomi mnalalamika nini wakati wenzenu wamekwenda juu? Profesa Kabudi alitoka kufundisha sheria Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akawa waziri 2017. Dk. Bashiru alikuwa anafundisha siasa hukohuko, 2018 akawa Katibu Mkuu wa CCM. Hao wote wanazijua hizo barua tano.

Mwalimu wa Siasa
Mimi sijateuliwa na mtu.

Chungu cha Nyanya
Ndiyo maana unalalamika.

Mwalimu wa Siasa
Tuheshimiane. Nilikuwa naelekea kwenye jambo la maana. Tume ya Jaji Nyalali, 1991, ilizunguka nchi nzima kuuliza watu: chama kimoja au vingi? Karibu asilimia 80 wakasema kimoja kibaki. Tume ikapendekeza vingi, na 1992 vikaja. Nikifundisha hapo, kila mwaka kuna mwanafunzi anauliza: sasa waliulizwa ili iweje?

Mzee wa Kahawa
Mimi nilikuwemo kwenye hao 80. Tuliitwa uwanja wa shule. Mwenyekiti wa tawi amekaa mstari wa mbele, amegeuza kiti anatutazama sisi, hatazami meza kuu. Nilikuwa naomba kibali cha duka wakati huo. Nilitaka vingi, nikasema kimoja.

Binti Pangani
Baba, hiyo ungeisema mapema tungemaliza uzi.

Wakili wa Benchi
Usimalize. Tume ilijua watu wanahojiwa mbele ya nani, na ripoti yake ilitaja sheria 40 kandamizi za kufutwa au kurekebishwa. Hesabu ya 80 kwa 20 haikuwa ndiyo kazi yote.

Mwalimu wa Siasa
Mzee wa Kahawa, hiki ndicho kilichonipata Jumatatu. Mwenyekiti alikuja kweli, akatandika mkeka, akakaa nasi "kuwatoa watu hofu". Nilihoji kina mama kumi na mmoja. Wote kumi na mmoja: mkutano unafanyika, mapato yanasomwa, tumeelewa. Wakati naaga, mmoja akanisindikiza mpaka kwenye bodaboda, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Hivi mapato ya kijiji ndiyo yapi?" Ile mihuri minane ndiyo iliyonipa mwenyeji wa kukaa naye kwenye mkeka.

Kijana wa Kimara
Kwa hiyo kibali hakikuzuii, kinakusindikiza.

Mtendaji Mstaafu
Na asipokuwepo mwenyekiti, mgeni akaibiwa simu, wilayani anaitwa nani? Mimi niliitwa. Simu ya mtafiti ilipotea mnadani, nikaandika maelezo kurasa tatu, yeye ameshapanda basi.

Mwalimu wa Siasa
Hilo sikuwa nimelifikiria, mzee wangu.

Mtendaji Mstaafu
Najua. Swali moja, Dokta, halafu nalala. Yule mtendaji alikukaribisha chakula?

Mwalimu wa Siasa
Alinikaribisha. Ugali wa udaga. Nikanawa, tukala wote sahani moja.

Mtendaji Mstaafu
Na kwenye mada hukuandika.

Chungu cha Nyanya
Kumbe ulikula! Sasa si useme tu, sato au sangara?

Mwalimu wa Siasa
Sato.