Ekra ya telefone imejaa alama za aplikasyo, nifanye aje ibakie safi?

MamaBitenge_Kadutu
Bonjour bandugu, munisaidie. Niko na Tecno ya Android, nauzishaka bitenge hapa soko ya Kadutu, ku Bukavu, sasa kila aplikasyo yenye naweka inakuya kujibandika pale mbele, nikitaka kuandikia mteja wangu wa Uvira natembeza kidole paje kwa paje mpaka mwenye kusimama mbele yangu anachoka anaenda kwa jirani. Kuko namna ya kufikia bintu haraka bila kuweka byote pale? Sitaki kufuta aplikasyo hata moja.

Fundi_Katindo
Mama, ile ya mbele ni alama tu, aplikasyo yenyewe iko kule ndani, vuta ekra kwenda juu utaiona. Ila ukifinya alama juu ya kuitosha pale mbele, chunga sana: "Désinstaller" inaondoa aplikasyo nzima, usiguse hiyo. Sasa juu ya mteja wa Uvira, ingia kwa mazungumzo yake mu WhatsApp, finya vitone bitatu pale juu, tafuta ya kuongeza rakursi (njia ya mkato), jina yake inakuya kwa ekra na ukigusa inafungua palepale kwake. Fanya hivyo kwa bale ba kila siku tu, si bote!
Na tangu Android 7.1, ya 2016, ukifinya alama na kushikilia kidogo inatoka orodha ndogo, kamera kwa mfano inakupeleka moja kwa moja kwa selfi.

mutoto_wa_Ndendere
Naongeza ya feza, juu mama ni wa biashara. Andika *1122# mu repertware na jina M-Pesa, *501# Airtel Money, *144# Orange Money, kisha uweke ile majina kwa ekra kama vile unawekaka mutu. Kwa telefone zingine inaita yenyewe, kwa zingine utafinya tena kuita. Lakini kode ya siri usiiandike mule hata siku moja, watoto wa nyumba banaangaliaka.

Lushois_243
Mi naona munamujazia tena ekra na rakursi, ni uchafu uleule na jina ingine 😂 Yaya, vuta kutoka juu mara mbili, kuna bibutoni bya torshi, wifi, koneksyo, na alama ya kalamu ya kubipanga vile unataka. Umeme ikikatika unatafuta torshi ya nini mu aplikasyo?

MamaBitenge_Kadutu
Aksanti sana, ya mteja imeingia, hata foto yake iko pale. Lakini aplikasyo mupya bado zinakuya mbele zenyewe.

Fundi_Katindo
Finya ukishikilia mahali patupu pa ekra, si juu ya alama, ingia mu parametre za ekra, zima ile ya kuongeza aplikasyo mupya. Ukikosa uniandikie modele.