Unalipia ada ndipo uombe kusamehewa ada? Masjala za mahakama za huku Kigoma mtueleze

Wakuu, mkulima wa Uvinza au Kibondo akishindwa kesi ya shamba Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, ana siku 45 za kukata rufaa Mahakama Kuu. Madai yaliyoanzia Mahakama ya Wilaya ni siku 90. Hayo anaambiwa. Asichoambiwa ni kwamba rufaa inaweza kuhesabiwa imefunguliwa siku ada ilipolipwa, hata kama karatasi zilifika mapema. Asiye na hela je?

Sheria haijamsahau. Oda ya 41 ya Sheria ya Mwenendo wa Madai, Sura ya 33, inamruhusu aombe kukata rufaa kama fukara, yaani bila kulipa ada kwanza. Ila fika dirishani: "Lipia kwanza, mengine utaongea na jaji." Kwa kifungu kipi? Kimya.

Na sisi waombaji tunajiharibia. Barua ya mtendaji wa kijiji yenye muhuri, "mtajwa ni mkazi wangu, hana uwezo", haitoshi. Ombi linataka orodha ya mali zote na thamani ya kukadiria: baiskeli, mbuzi watatu, nyumba ya tope, vyote. Ukificha mbuzi, mpinzani wako atawataja siku ya kuhojiwa, maana naye ana haki ya kusikilizwa, na ombi litaanguka kwa mbuzi.

Kosa kubwa zaidi ni hili: watu wanajaza kurasa mbili za njaa na ada za watoto, halafu sababu za rufaa mstari mmoja. Umaskini peke yake haufungui mlango. Jaji anasoma hukumu na tuzo (amri ya mahakama inayotokana na hukumu). Asipoona kwamba uamuzi unapingana na sheria au si wa haki, anatupa ombi hata kama huna hata kuku. Sababu za rufaa ziandikwe kama vile ada imeshalipwa.

Karani akikataa kupokea, usiondoke mikono mitupu. Andika barua kwa Naibu Msajili, msimamizi wa masjala, siku hiyohiyo, nakala yako igongwe muhuri wa tarehe. Siku zikikwisha utaomba kuongezewa muda, na pale kila siku ya kuchelewa inadaiwa maelezo. Muhuri ule ndio utakaokusemea.

Na ombi hilo la kuongezewa muda, wakuu, nalo lina ada.