Naomba ushauri: jiko la gesi na kamba za hema, Mahogany Flat (Death Valley)

Habari zenu wakuu. Mwishoni mwa Oktoba tutakuwa wawili Mahogany Flat, California, siku tatu usiku mbili, tupande Telescope Peak (mita 3,368, kilomita 11 kwenda tu). Kambi iko karibu mita 2,500 na haina maji kabisa. Hesabu ya maji nimemaliza: lita 5 kwa mtu kwa siku, jumla lita 30, madumu matatu yasiyojazwa hadi juu ili yakiganda yasipasuke. Gari limeinuka juu kutoka ardhini, lina matairi mawili ya spea, maana barabara baada ya matanuri ya mkaa ni mawe matupu.

Nimekwama kwenye jiko. Mtungi wangu ni wa butani, na butani ikifika karibu sifuri haigeuki mvuke. Nimejaribu kulala nao ndani ya begi la kulalia, kisha kuusimamisha kwenye sufuria ya maji ya uvuguvugu. Moto unarudi dakika chache, halafu unabaki ulimi mdogo wa buluu unaotetemeka, chai haichemki.

Shida ya pili ni upepo. Kwenye ardhi ya mawe, vigingi vya hema vya alumini vinajikunja kabla havijazama.

Naomba kujua:
Mtungi wa mchanganyiko wa isobutani na propani utatosha alfajiri ya baridi kali, au nihamie jiko la petroli?
Na kamba za hema, mnazifungaje kwenye mawe zisikatwe na ncha kali?

Natanguliza shukrani.